Shavu la Kulia

Siku mliponiaga pale ukumbini mlitaka niseme neno, nami nikasema neno moja: ahsanteni. Wengine mlicheka mkidhani nakimbilia pilau. Ukweli ni kwamba sikujua nianzie wapi. Sasa nimekaa nyumbani Mpuguso muda wa kutosha, migomba nimeipalilia mpaka hakuna jani lililobaki la kung'oa, na mvua ikinyesha sina pa kwenda. Nimeona niwaandikie kile nilichoshindwa kukisema siku ile, ninyi wauguzi mlioachiwa chumba chetu cha mwisho wa korido.

Sitasimulia nilivyopanda vyeo. Havikuwa vingi, na hadithi yake haina utamu.

Niliripoti hospitalini Tukuyu siku ya mvua, kana kwamba Tukuyu ina siku za namna nyingine. Viatu vyeupe alivyoninunulia mama vilikuwa na rangi ya udongo kabla sijafika getini. Matroni alinitazama miguu kwanza, uso baadaye, akasema, "Wewe utakwenda kwa Mama Subilaga." Wauguzi wawili waliokuwa wanakunja mashuka wakatazamana. Kwa Mama Subilaga palikuwa ni kliniki ya akili na kifafa, chumba kilichobanwa kati ya stoo ya magodoro na mahali pa kuanikia mopu. Hakuna aliyefika pale kwa kupotea njia. Aliyefika alikuwa ameletwa, au amepangiwa.

Mama Subilaga alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, aliyevaa soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi. Vifaa vyake vilienea kwenye trei moja: nyundo ndogo ya mpira ya kugongea magoti, tochi, pamba, wembe, na kibao cha mninga cha kukatia vidonge. Juma langu la kwanza lote nilikata vidonge nusu nusu. Nilikuwa nimetoka chuoni na vyeti vyangu, nikaona nimedharauliwa. Akaniambia, "Mwanangu, kidonge ukikikata upande, nusu moja itamlevya mgonjwa na nusu nyingine itamwangusha. Kata kama unamkatia mtoto wako." Nikakata. Siku hizi mnavyo vile vikasha vya plastiki vyenye kiwembe ndani, na bado niliwaacha mnakata upande.

Jambo kubwa alilonifundisha lilihusu maumivu. Watu hudhani kliniki yetu ilikuwa ya wenye kifafa na waliochanganyikiwa tu. Lakini dawa zinazotuliza kifafa hutuliza pia baadhi ya maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo walikuja pia wenye miguu inayowaka moto kwa ajili ya kisukari, wenye migongo iliyowashinda wengine, wenye mkanda wa jeshi uliopona ngozi ukabaki ndani. Nilipomuuliza mgonjwa wa kwanza wa namna hiyo, "Unaumwa kiasi gani?", Mama Subilaga alisubiri mpaka yule mzee ametoka.

"Alikujibu nini?"

"Sana."

"Na wewe ukaandika nini?"

"Sana."

"Basi mmeandikiana bure. Usimuulize mtu anaumwa kiasi gani. Muulize maumivu yamemnyima nini. Hapo ndipo utajua kama dawa inafanya kazi, kwa sababu siku kile kitu kikimrudia utakiona kwa macho."

Tulimwita yule mzee arudi. Alikuwa fundi seremala. Nilipomuuliza upya alifikiri kidogo, akasema yamemnyima kupiga magoti kanisani, anaomba amekaa kama mgeni. Kuanzia siku hiyo sikuuliza swali jingine.

Mama Subilaga alistaafu, akaniachia trei. Madaktari walikuja wakapita, kama ilivyo kawaida ya wilaya zenye baridi. Kisha akaja Dokta Rashidi. Alikuwa kijana wa Tanga, mwembamba, aliyevaa sweta chini ya koti jeupe na kulalamikia ukungu kila asubuhi kana kwamba mimi ndiye niliyeuleta. Nilimpendea jambo moja. Mgonjwa akimuuliza kitu asichokijua, alisema, "Sijui, mama. Nipe mpaka kliniki ijayo." Kisha kliniki ijayo alikuwa anajua, au amempata anayejua. Nimefanya kazi na madaktari wengi. Neno hilo "sijui" nimelisikia kwa wachache.

Tupokigwe aliletwa na mumewe kutoka Suma, msimu wa kipupwe. Amenipa ruhusa kuandika habari zake, na nilipomuuliza kama nibadili jina alisema, "La nini? Kwani niliiba?" Ninyi mnamfahamu. Mnamwita bibi yule wa khanga. Nataka mjue alikuwa nani kabla hamjamkuta benchini.

Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya mchuma chai. Alijifunika khanga nusu ya uso, upande wa kulia, na kuishikilia mbali kidogo na ngozi, kama mtu anayekinga moshi. Hakusema. Aliyesema alikuwa mumewe, Anyitike, mkulima mtaratibu aliyevua kofia mlangoni na kuishika kifuani muda wote.

"Sista, mwenzangu anapigwa usoni," alisema.

Nilimtazama vibaya. Akaelewa.

"Si na mimi. Anapigwa na kitu. Kinakuja kama umeme, kinampiga shavu, kinaondoka. Akitafuna kinakuja. Akinawa kinakuja. Upepo ukimgusa kinakuja. Tumeng'oa meno yote ya upande huo. Kila jino wanasema ndilo lenyewe. Meno yameisha, na chenyewe kipo."

Dokta Rashidi alimwomba Tupokigwe afunue khanga. Akaifunua polepole. Ngozi ilikuwa safi, haina uvimbe, haina kidonda, ila upande mmoja wa nywele haukuwa umechanwa. Dokta akachukua pamba kutoka kwenye trei ili apime kama shavu linahisi. Wakati huohuo mtu alifungua mlango wa korido, na baridi ikaingia.

Sijawahi kusahau nilichokiona. Hakupiga kelele. Uso wake ulijikunja upande mmoja, mikono ikakamata kingo za kiti, na mwili wote ukatulia tuli, hata pumzi. Anyitike hakumgusa. Aliinua tu mkono wake hewani karibu na uso wa mkewe, kuukinga na upepo, akabaki hivyo mpaka lile jambo limepita. Nilielewa kwamba alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mno.

Dokta aliirudisha pamba kwenye trei. "Sina haja ya kupima," alisema. "Nimeshaona. Mama, meno yako hayakuwa na kosa lolote. Kuna mshipa wa fahamu unaoleta hisia usoni. Huo ndio unaoumwa. Ugonjwa huu una jina, unajulikana, na kuna dawa ya kuanzia."

Tupokigwe alisema kwa mara ya kwanza, midomo ikifunguka kidogo tu, kama anayepitisha uzi kwenye sindano. "Siyo mkono wa mtu?"

"Siyo mkono wa mtu."

Alifumba macho. Nikamuuliza swali langu: maumivu yamekunyima nini? Nilitegemea aseme chakula, maana alikuwa amekonda.

"Kuita," alisema.

Mumewe akaeleza. Nyumba yao iko juu, shamba lao la chai liko ng'ambo ya bonde. Kwa miaka yote chakula kikiiva alikuwa anasimama uani na kumwita kwa sauti, naye anaitikia kutoka ng'ambo. "Siku hizi ananigongea sufuria," alisema Anyitike. "Nakwenda kula kama mbuzi anayeitwa zizini." Alijaribu kucheka, lakini hakuna aliyemsaidia.

Dawa yenyewe ilikuwa ileile tunayowapa wenye kifafa. Dokta aliwaeleza vizuri: huna kifafa, dawa ni moja lakini ugonjwa ni mwingine, tutaanza na nusu kidonge na kupandisha taratibu, usiiache ghafla hata ukijisikia vizuri. Nilikata nusu zile kwa uangalifu zaidi kuliko nilivyowahi kukata chochote. Walirudi kila mwezi. Mara ya pili alikuwa anakula ndizi zilizopondwa. Mara ya tatu alikuwa amechana nywele zote. Kisha siku moja Anyitike aliingia kabla yake, kofia kifuani, akatangaza kama anayetangaza ubatizo: "Sista, juzi kaniita. Suma nzima imesikia."

Tupokigwe nyuma yake alisema, "Nilikuwa na hasira. Ugali ulikuwa unapoa." Nikaona kwa mara ya kwanza anavyocheka.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, ila kwa jambo moja. Benchi letu liko wazi mbele ya kila mtu, na anayekaa pale hujulikana amekuja kwa nini, hata kama sicho kilichomleta. Siku moja Sekela, dada yake Anyitike, alikuja hospitalini kumwona jirani aliyejifungua, akamkuta wifi yake katikati ya wagonjwa wa kifafa, mkononi ana bahasha ya dawa zao. Hakuuliza. Alikwenda nyumbani na kusema kaka yake alioa mgonjwa wa kifafa aliyefichwa. Anyitike alimweleza dada yake kwa upole, tena na tena. Sekela alijibu kwamba mganga hatoi dawa ya mguu kwa mtu anayeumwa jicho. Kwa mtu asiyejua, hoja hiyo haina ubaya. Tupokigwe akawa hapewi tena mtoto wa ukoo kumpakata. Aliniambia hivyo wakati nampima presha, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua imechelewa.

Kisha dawa ikaanza kuchoka. Hili mlijue: kwa baadhi yao huchoka. Umeme ulirudi kidogo kidogo, kwanza asubuhi za baridi, halafu wakati wowote. Dokta akapandisha dozi. Maumivu yakashuka, lakini Tupokigwe akaanza kuyumba. Alianguka njiani akitoka sokoni, na waliomwokota walimnusa mdomo kutafuta pombe. Dokta akampima damu, akakuta chumvi ya mwilini imeshuka kwa sababu ya dawa. Ikabidi tuipunguze.

"Nikipandisha unaanguka, nikishusha unaumia," Dokta alimwambia. "Kuna dawa nyingine ya kusaidiana na hii, lakini kwanza damu yako itulie. Nivumilie wiki chache."

"Wiki chache nitaweza," alisema, midomo ikiwa imerudi kwenye tundu la sindano.

Katika wiki hizo chache Anyitike akafa. Alianguka shambani, ng'ambo ya bonde, kikapu cha chai kikiwa mgongoni. Presha, walisema. Walipofika alikuwa ameshakata roho.

Nilikwenda Suma kwenye mazishi. Hatukuwa na desturi ya kwenda kwenye misiba ya ndugu za wagonjwa, maana tungehudhuria kila siku. Lakini kwa Anyitike nilikwenda, na Dokta Rashidi alinipa rambirambi yake nipeleke kwa kuwa alikuwa na zamu.

Ninyi wa hapa mnajua msiba wa Kinyakyusa. Sauti za wanawake nilizisikia kabla sijaiona nyumba. Kila aliyefika aliangua kilio kabla ya kuuliza chochote, na waliomo ndani walimpokea kwa kilio. Ilikuwa kipupwe tena, ukungu umekaa migombani, upepo unapanda kutoka bondeni. Tupokigwe alikuwa amekaa mkekani, mgongo umenyooka, khanga imezunguka kichwa na kushikiliwa mbali na shavu. Mdomo wake umefungwa. Macho yake makavu. Katikati ya vilio vyote vile, alikaa kama mtu aliyepitiwa na gari, anayesubiri la pili lifike.

Nilikaa karibu naye upande unaotoka upepo. Nilijua. Kulia ni kufungua mdomo, na kufungua mdomo ulikuwa umeme. Chozi likishuka shavuni lilikuwa umeme. Hata kupangusa pua iliyojaa kulikuwa umeme. Mwanamke yule alikuwa amemshikilia mumewe ndani ya mwili wake, hana mahali pa kumtolea.

Sekela alisimama mbele yetu. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwaruza. "Mjane gani huyu?" alisema, na hakusema kwa kunong'ona. "Kaka yangu amelala pale ndani. Amemtunza, amemkinga, amegombana na sisi kwa ajili yake. Hata chozi moja? Hata moja, mwe?"

Vilio vikapungua, maana watu walitaka kusikia. Nikaanza kuinuka niseme. Tupokigwe akanishika kiganja, akakibana, akatikisa kichwa kidogo sana. Alitaka nikae. Nikakaa. Siri ya mgonjwa ni yake, hata inapomchoma.

Wakamtoa Anyitike. Tulipofika kaburini, migombani nyuma ya nyumba, wakamwita mjane atupe udongo. Aliinama kuuchukua. Alipoinuka upepo ulivuta khanga, ikamgusa shavu.

Alianguka kwa magoti. Uso ukajikunja, mikono ikakakamaa na udongo ndani yake. Mtu akapaza sauti, "Kifafa!" na duara lote likarudi nyuma, akina mama wakivuta watoto. Kutoka jikoni mwanamke mmoja alikuja mbio na mwiko, auingize katikati ya meno, kama watu wanavyodhani ndivyo mwenye kifafa anavyosaidiwa. Sekela akaupokea ule mwiko akapiga magoti mbele ya wifi yake.

Nilimdaka mkono. Sijui nilipata wapi nguvu. "Usimguse!" nilisema. "Ukimtia hicho mdomoni utamwua kwa maumivu. Huyu hana kifafa. Anakusikia. Mtazame macho!"

Sekela alimtazama. Ninyi mmeona wagonjwa wa kifafa, mnajua macho yao yanakwenda wapi. Macho ya Tupokigwe hayakuwa yamekwenda popote. Yalikuwa pale pale, wazi, yamemkazia wifi yake, na yalikuwa yanamwomba. Kisha machozi yakashuka. Nililiona moja likipita kwenye lile shavu, na nikaona lilivyomkata. Alitetemeka mwili mzima na bado hakutoa sauti.

"Akilia anaumia," nilisema, taratibu sasa. "Ndiyo maana."

Sekela aliweka mwiko chini. Halafu alifanya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha: akavua mtandio wake, akautandaza kwa mikono yote miwili, akausimamisha kama pazia kati ya upepo na uso wa wifi yake. Mchungaji aliendelea na ibada. Sekela alikaa hivyo mpaka kaburi likafukiwa.

Baada ya pale ni Sekela aliyemleta kliniki. Mara ya kwanza walikaa benchini wakiwa mbalimbali kidogo. Dokta Rashidi alimpokea Tupokigwe kwa pole, kisha wakaanza kazi. Damu ilikuwa imetulia. Akaongeza ile dawa ya pili, kidogo kidogo, na ya kwanza akaiacha kwenye kiwango asichoanguka nacho. Akampeleka Mbeya kupigwa picha ya kichwa. Picha ilionyesha mshipa wa damu umeegemea ule wa fahamu na kuusugua. Akapiga simu Dar es Salaam kwa daktari bingwa, akarudi na majibu yote, mazuri na mabaya.

"Kuna upasuaji," alisema. "Wanafungua nyuma ya sikio, wanautenganisha mshipa na mshipa. Wengi hupata nafuu kubwa. Wengine maumivu hurudi. Wachache hubaki na ganzi ya uso au kuziba sikio. Na kufungua kichwa ni kufungua kichwa, mama. Sitakudanganya."

"Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Dokta alifikiri sana. "Sijui," alisema. "Nami siumwi. Nikisema ningefanya, nitakuwa nasema kwa shavu zima."

Tupokigwe alitazama dirishani. "Watoto wangu wameshazika mzazi mmoja," alisema. "Nisubiri. Dawa zikishindwa kabisa, nitakwenda."

Dokta hakubishana naye. Aliandika uamuzi wake, akamwambia mlango haujafungwa, na kwamba kila atakapokuja atamuuliza tena bila kumsukuma. Hivi ndivyo nawaomba mfanye hata sasa. Bado hajakubali kupasuliwa, na maumivu bado yanakwenda na kurudi. Nasikia majuzi mmemwona katika kipindi kibaya, anajibu kwa kichwa, na mmoja wenu amelalamika kwamba bibi yule ana kiburi. Msiache mlango wazi akiwa ndani. Msimpigepige begani kumfariji. Muulizeni yamemnyima nini mwezi huu, kisha msubiri, hata kama foleni ni ndefu.

Lakini dawa zile mbili, zilipokutana vizuri kwa mara ya kwanza, zilimpa kipindi cha nafuu ambacho sote hatukukitegemea. Ilikuwa mwaka umeshapita tangu mazishi. Alikuja na Sekela siku ya kliniki, benchi limejaa. Aliingia chumbani peke yake, akakaa, akateremsha khanga mpaka mabegani. Nikampima presha. Nikamuuliza swali letu.

Aliinua mkono, akagusa shavu la kulia kwa ncha za vidole. Akasubiri. Hakuna kilichokuja. Akalipapasa kwa kiganja chote, kutoka sikioni mpaka kidevuni, polepole.

"Sista," alisema, na mdomo ulifunguka wote. "Funga mlango."

Nilifunga. Nilidhani anataka kunieleza jambo la kike.

Aliinama, akaweka mikono kichwani, na akalia. Sizungumzii machozi. Alilia kilio cha msiba, kile cha uani, kinachoanzia tumboni na kupanda, na ndani yake jina la mumewe, na maneno ya Kinyakyusa anayoambiwa marehemu siku anapotolewa ndani: umeniacha na nani, ungenisubiri, ona nyumba yako. Maneno yote ya siku ile ya kipupwe, mwaka mzima baadaye, katika chumba chenye harufu ya spiriti. Trei ilitikisika mezani. Nami sikumwambia nyamaza. Tumezoea kuwaambia watu nyamaza, basi, inatosha, jikaze. Nilikaa chini sakafuni karibu naye, nikalia pia, kwa sababu kwetu mtu halii msiba peke yake.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Sekela. Alitutazama mara moja tu, akaelewa. Hakuuliza kitu. Alifunga mtandio kiunoni, akaingia akiangua kilio kama mtu anayefika msibani kutoka mbali, akamkumbatia wifi yake, wakalia shavu kwa shavu.

Nje benchi lote lilikuwa limesimama. Nilimsikia mwanamke mmoja akiuliza nani amefariki, na mwingine akimjibu hajui, lakini ni mtu wa mle ndani. Wazee wakavua kofia. Kijana mmoja wa kifafa, ambaye kwa kawaida hakutulia dakika mbili, aliketi chini akashika tama.

Dokta Rashidi alitoka ofisini kwake mbio, kifaa cha kusikilizia moyo kimening'inia shingoni, akidhani mgonjwa amezidiwa. Alifika mlangoni, akamwona Tupokigwe akilia mdomo wazi, machozi yakimtiririka mashavu yote mawili. Alisimama pale. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akauvuta mlango taratibu mpaka ukajifunga.

Nilimsikia mzee mmoja akimuuliza kama kliniki imekwisha, ili waende zao.

"Bado, mzee," alisema Dokta. "Kaeni kwanza. Tuna msiba."